Vita vya ng'ambo ya Ruvuma: chanzo chake, na majeshi ya kigeni yaliyofuata

Msomaji wa Tandahimba ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Barazani kwetu tumegawanyika kuhusu vita vya Cabo Delgado. Wapo wanaosema ni ugaidi uliopandikizwa kutoka nje, wapo wanaosema ni matokeo ya dhuluma ya serikali yao wenyewe, na wapo wanaoapa kwamba wazungu ndio walioviwasha ili wachukue gesi. Tena, Wanyarwanda wamefuata nini kule, na askari wetu walioko Nangade wanalinda nini? Wakirudi nyumbani, vita havitavuka mto?"

Marahaba. Umeuliza mambo mengi kwa pamoja, na nadhani ubishi wa barazani kwenu unatokana na hilo hilo. Chanzo cha vita ni jambo moja, kinachovifanya viendelee ni jambo jingine, na sababu ya nchi ya kigeni kupeleka askari ni jambo la tatu. Mtu akiona askari wa kigeni wamejipanga kuzunguka mitambo ya gesi, hukata shauri papo hapo kwamba gesi ndiyo iliyozaa vita. Huenda ni kweli na huenda si kweli, lakini kuwapo kwa askari hao hakuthibitishi lolote kuhusu mwanzo wa vita, kwa sababu zimamoto wakikimbilia kwanza nyumba ya tajiri, hatuwezi kusema kwa hilo tu kwamba tajiri ndiye aliyewasha moto. Kwa hiyo nitaanza na tarehe, kwa sababu tarehe hazina upande.

Usiku wa kuamkia 5 Oktoba 2017, watu wapatao 30 walivamia vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia, katika mkoa wa Cabo Delgado kaskazini mwa Msumbiji, mji wa bandari ambao manahodha wa Mikindani na Msimbati wameufahamu tangu enzi za babu zao. Wakazi wa mji waliwatambua baadhi ya wavamizi: walikuwa vijana wa mitaa ile ile, waliokuwa wakiuza bidhaa ndogondogo au kuvua samaki, na ambao kwa miaka kadhaa walikuwa wamejitenga katika misikiti yao. Watu waliwaita Al-Shabaab, na huku kwetu tukaanza kusema mashababi, jina ambalo maana yake ni vijana tu. Hawakuwa tawi la Al-Shabaab ya Somalia. Kuanzia usiku ule hadi mwaka 2025, watu zaidi ya 6,000 wameuawa kwa hesabu za wafuatiliaji wa migogoro, na mwishoni mwa mwaka 2022 idadi ya waliokimbia makazi yao ilikuwa imepita 1,000,000.

Sasa tuwasikilize wale wa kwanza, wanaosema vita vilitoka nje. Hoja yao si ya kubezwa, hasa na sisi wa upande huu wa mto, kwa sababu sehemu ya ushahidi wao inapita mlangoni kwetu. Baada ya Sheikh Aboud Rogo, mhubiri wa msimamo mkali wa Kenya, kuuawa Mombasa mwezi Agosti 2012, baadhi ya wafuasi wa mafundisho yake walitawanyika kuelekea kusini mwa pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 2016 na 2017 tulishuhudia mauaji ya Kibiti, Mkuranga na Rufiji, ambako wenyeviti wa vijiji, watendaji na askari waliviziwa na kupigwa risasi. Tarehe 13 Aprili 2017 pekee polisi wanane waliuawa kwa mkupuo mmoja. Operesheni ilipokolea, baadhi ya waliokuwa wakisakwa walivuka Ruvuma, na miezi sita baada ya polisi wale wanane kuuawa, Mocímboa ikavamiwa. Kisha mwezi Juni 2019 kundi linalojiita Dola ya Kiislamu likatangaza kwa mara ya kwanza kwamba shambulio la Cabo Delgado ni kazi ya wapiganaji wake, Marekani ikaliweka kundi la Msumbiji katika orodha yake ya magaidi mwezi Machi 2021 na kumtaja Abu Yasir Hassan, mzaliwa wa Tanzania, kuwa kiongozi wake, na mwezi Mei 2022 Dola ya Kiislamu ikaifanya Msumbiji kuwa "jimbo" linalojitegemea. Mtu anayeyapuuza haya yote kwa kusema "ni propaganda" hatafuti ukweli.

Hata hivyo, hoja hii ina udhaifu mkubwa, nao uko katika kalenda. Kati ya shambulio la kwanza na tangazo la kwanza la Dola ya Kiislamu ulipita mwaka mmoja na miezi minane, na wakati wote huo vijana walikuwa wakipigana, wakichoma vijiji na kukata watu vichwa bila kutangazwa na mtu yeyote wa nje. Mmoja wa makamanda wao wakuu, Bonomade Machude Omar, ambaye serikali ya Msumbiji ilitangaza kifo chake mwezi Agosti 2023, alikuwa mtoto wa mkoa ule ule. Tukumbuke pia nani anapendezwa na maelezo haya. Serikali ikishasema adui ametoka nje, haihitaji tena kueleza kwa nini vijana wake yenyewe walimfuata adui huyo. Kwa miaka ya mwanzo Maputo ilikuwa ikiwaita wahalifu tu, na baadaye ikawaita magaidi wa kimataifa. Katika majina yote mawili, raia mwenye malalamiko hakupewa nafasi.

Wale wa pili, wanaotaja dhuluma ya ndani, wana jambo ambalo sisi watu wa kusini tunaweza kulielewa haraka kuliko mchambuzi aliyeko Paris au Washington. Cabo Delgado ina watu wa aina tatu kwa ujumla: Wamakonde wa uwanda wa Mueda, wale ambao huku tumezoea kuwaita Wamawia; Wamwani wa pwani, Waislamu wanaozungumza Kimwani, lugha ambayo Mswahili wa Mikindani akiisikiliza kwa robo saa ataanza kuielewa; na Wamakua wa kusini na bara. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, kilianza vita vya ukombozi mwezi Septemba 1964 katika mkoa huo, na Wamakonde walitoa wapiganaji wengi. Baada ya uhuru, vyeo, pensheni za maveterani na nafasi katika chama viliwafikia wao zaidi kuliko watu wa pwani, au angalau ndivyo watu wa pwani wanavyoona, na katika siasa kile watu wanachokiona kina nguvu sawa na kile kilichopo. Mwaka 2005, baada ya uchaguzi mdogo wa meya wa Mocímboa da Praia, Wamwani waliokuwa upande wa chama cha upinzani cha RENAMO na Wamakonde wa FRELIMO walipambana mitaani na watu wakafa. Wakati huo hakuna kampuni iliyokuwa imegundua gesi pale, na Dola ya Kiislamu kwa jina hilo ilikuwa haijazaliwa.

Halafu kuna mawe. Rubi ziligunduliwa Montepuez mwaka 2009, na mgodi mkubwa ukaenda kwa kampuni ya Gemfields ya Uingereza yenye asilimia 75, huku asilimia 25 zikibaki kwa kampuni ya Msumbiji ya Mwiriti, ambayo mmoja wa wenye hisa zake ni Raimundo Pachinuapa, jenerali wa vita vya ukombozi. Wachimbaji wadogo, wakiwemo maelfu kutoka nchi za jirani, waliendelea kuchimba pembeni hadi walipofukuzwa kwa nguvu mwanzoni mwa mwaka 2017. Mwaka 2019 Gemfields ilikubali kulipa pauni milioni 5.8 kumaliza kesi ya wanakijiji na wachimbaji waliodai kupigwa na kuteswa, bila kukiri kosa.

Nahodha mmoja mzee wa Kilambo, ambaye nilikaa naye chini ya mkorosho tukisubiri maji yajae, alinieleza habari hii kwa namna ambayo sijaisoma katika ripoti yoyote. Alisema kwamba kabla ya kufukuzwa, kila wiki alikuwa akivusha vijana waliobeba kibegi kimoja na sururu iliyofungwa gunia, wakienda "kufuata mawe", na waliorudi salama walirudi na simu mpya na viatu vyeupe visivyofaa kwa tope la Ruvuma. Mwezi Februari 2017 walianza kurudi wamevaa ndala, wengine bila begi, na hawakutaka kuongea. "Wale waliorudi huku nawajua walipo," aliniambia. "Wale wa kule kule, waliorudi Mocímboa na Macomia, nani aliwauliza wanakwenda kufanya nini?" Sisemi kwamba kila mchimbaji aliyefukuzwa alishika bunduki; wengi wao hawakushika. Nasema kwamba mtu aliyekuwa akitafuta vijana wenye hasira na mfuko mtupu katika mwaka 2017 hakuhitaji kwenda mbali.

Hata ndani ya kundi hili la pili wasomi hawakubaliani, na ubishi wao unastahili kusikika kuliko ule wa magazetini. Joseph Hanlon, ambaye ameandika kuhusu Msumbiji kwa miongo mingi, anasisitiza umaskini na ulafi wa wakubwa waliojitwalia ardhi na madini. Eric Morier-Genoud yeye anaanzia misikitini: anafuatilia kikundi cha kidini kilichojitenga katika wilaya ya Balama mwaka 2007, kikikataa shule za serikali, mahakama za serikali na uongozi wa masheikh waliokuwepo. Watafiti wa taasisi ya IESE ya Maputo, Saide Habibe, Salvador Forquilha na João Pereira, walionyesha jinsi vijana wa vikundi hivyo walivyofundishwa, wakakopeshwa mitaji midogo ya biashara na kuunganishwa na mitandao ya Tanzania na Kenya. Wazee wa pwani wanakumbuka vijana walioingia msikitini na viatu na kuwaambia baba zao kwamba sala yao si sala. Viongozi wa Kiislamu wa mkoa walipeleka malalamiko serikalini mapema kabisa, miaka kadhaa kabla ya risasi ya kwanza, na hawakusikilizwa vya kutosha. Kwangu mimi huo ndio ukurasa unaosomwa kidogo mno katika habari hii nzima: Waislamu wa Cabo Delgado walikuwa wa kwanza kuonya, na baadaye wao hao wakawa wa kwanza kushukiwa.

Tukija kwa wale wa tatu, wanaosema gesi ndiyo iliyoleta vita na wazungu ndio waliopanga, nitasema wazi kwamba kwa chanzo siwakubali, ingawa kwa kilichofuata wana haki ya kusikilizwa. Anadarko ya Marekani ilitangaza ugunduzi wake wa kwanza mkubwa katika bonde la Rovuma mwaka 2010. Kikundi cha Balama kilikuwa tayari kina miaka mitatu. Katika miezi ya mwanzo ya vita wapiganaji walishambulia vituo vya polisi, vijiji, misikiti na ofisi za serikali, na ni mwezi Februari 2019 ndipo msafara wa Anadarko uliposhambuliwa. Kampuni inayotaka kuchimba gesi haina faida yoyote ya kuzungukwa na vita. Total ya Ufaransa, iliyonunua nafasi ya Anadarko mwaka 2019 katika mradi wa dola bilioni 20, ilisimamisha kazi zote tarehe 26 Aprili 2021, mwezi mmoja baada ya Palma, mji ulio jirani na mradi huo, kuvamiwa, na haikuondoa zuio hilo hadi mwaka 2025. Kama ulikuwa mpango wao, basi ulikuwa mpango wa ajabu wa kujikosesha mapato kwa zaidi ya miaka minne.

Ila kuna namna ya kuisema hoja ya gesi ambayo ina mashiko. Ujio wa kampuni ulipandisha thamani ya ardhi na matumaini ya watu kwa wakati mmoja; watu wa Quitupo katika rasi ya Afungi walihamishwa kutoka mashamba na ufuo wao wakapelekwa Quitunda, kijiji kilichojengwa kwa mistari iliyonyooka ndani ya eneo la mradi; ajira zilizoahidiwa zikawapita wengi. Hayo yalimpa mhubiri wa chuki mfano wa kuonyesha kwa kidole. Mwanzoni mwa mwaka 2020, kiongozi mmoja wa wapiganaji alirekodiwa akiwaeleza wanakijiji kwamba wanaiteka miji ili kuonyesha kuwa serikali si ya haki, kwamba inawadhalilisha maskini na kuwapa faida wakubwa. Na katika hotuba hiyo hiyo akasema wanataka serikali ya Mungu na sheria ya Kiislamu. Baraza lenu la Tandahimba linagawanyika kati ya dini na dhuluma, wakati yule mtu aliyesimama mbele ya wanakijiji na bunduki alizitaja zote mbili kwa pumzi moja.

Jaribio zuri la hoja ya gesi liko hapa nyumbani. Mwezi Januari 2013, na tena tarehe 22 Mei mwaka huo baada ya hotuba ya bajeti ya nishati, Mtwara iliwaka moto kwa ajili ya bomba la kupeleka gesi ya Mnazi Bay Dar es Salaam. Sisi tuliokuwepo tunakumbuka "gesi haitoki", maduka yaliyofungwa, nyumba zilizochomwa, magari ya jeshi yaliyoingia mjini, na hofu ya wiki zile. Gesi ilitoka, malalamiko mengi yakabaki, na hakuna aliyeunda jeshi msituni. Sababu ziko nyingi, na sitaki tujisifu kupita kiasi, maana Kibiti nayo ni Tanzania. Hata hivyo, hasira ya Mtwara ilipata njia nyingine za kutokea: mwaka 2015 wapiga kura wa Mtwara Mjini walimpeleka bungeni mgombea wa CUF, wakulima wa korosho waliendelea kugombana na serikali kupitia vyama vya ushirika na minada ya stakabadhi ghalani, na mtu wa Mikindani na ofisa wa mkoa waliweza kutukanana kwa lugha moja. Kule Mocímboa, mtoto wa Kimwani alizungumza na dola kwa Kireno, ikiwa alizungumza nayo kabisa. Gesi pekee, basi, haitoshi kueleza vita. Ingetosha, vingeanzia huku.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu chanzo ni kwamba vita vilianzia ndani, kwa mchanganyiko wa mgawanyiko wa kidini na chuki ya zamani ya watu wa pwani dhidi ya dola, vikapata walimu na wapiganaji kutoka Tanzania, Kenya na kwingineko, na gesi ikaja kuvifanya viwe vya gharama kubwa na vya kutazamwa na dunia nzima. Anayeondoa sehemu ya kwanza anaitetea Maputo, na anayeondoa sehemu ya pili anatutetea sisi.

Suala la majeshi ya kigeni lina tarehe zake pia, na zinasema mengi. Filipe Nyusi, rais wa Msumbiji wakati huo, hakuanza na majirani. Mwezi Septemba 2019 walikuja Warusi wa kampuni ya mamluki ya Wagner, wapatao mia mbili, ambao hawakulijua pori lile wala lugha zake, wakapoteza watu na kuondoka baada ya miezi michache. Mwezi Aprili 2020 ikaja kampuni ya mamluki ya Dyck Advisory Group ya Afrika Kusini na helikopta zake. Ilisaidia kuokoa watu Palma, lakini mwezi Machi 2021 Amnesty International iliituhumu kwa kufyatulia risasi umati na majengo ya raia bila kubagua, tuhuma ambazo kampuni ilizikanusha. Ripoti hiyo hiyo iliwatuhumu wapiganaji na askari wa serikali kwa mauaji. Nchi ilipendelea mamluki kwa sababu mamluki hulipwa wakaondoka, ilhali jirani akiingia na jeshi lake huingia pia na maswali yake. Wakati mabishano hayo yakiendelea, Mocímboa da Praia ilianguka mikononi mwa wapiganaji mwezi Agosti 2020 na ikakaa humo karibu mwaka mzima.

Total ilisimamisha kazi tarehe 26 Aprili 2021, na tarehe 28 Nyusi alikuwa Kigali. Tarehe 9 Julai Rwanda ilituma askari na polisi 1,000, na tarehe 8 Agosti, wakiwa pamoja na jeshi la Msumbiji, waliirudisha Mocímboa. SADC nayo ilituma kikosi chake, SAMIM, kuanzia katikati ya Julai, kikiwa na askari wa Afrika Kusini, Botswana, Lesotho, Tanzania na wengine. Wanaoitetea Rwanda wanasema, na nakubaliana nao, kwamba ilifanya kwa mwezi mmoja kazi iliyowashinda wengine kwa miaka mitatu, kwamba askari wake walitembea kwa miguu na kulala vijijini, na kwamba walizungumza na wakazi kwa Kiswahili. Jambo hili la mwisho ni kubwa kuliko linavyoonekana: mama wa Palma aliweza kumwambia askari wa kigeni kile ambacho kwa miaka hakuweza kumwambia askari wa nchi yake.

Wanaoikosoa wanauliza kwa nini nguvu zake zilikusanyika kwanza Palma na Mocímboa, yaani kuzunguka Afungi, wakati Macomia na wilaya za kusini zikiachiwa vikosi dhaifu zaidi. Wanauliza nani analipa. Kigali ilisema mwanzoni kwamba inajilipia yenyewe. Mwezi Desemba 2022 Umoja wa Ulaya ukaipa euro milioni 20, na mwezi Novemba 2024 ukaongeza nyingine milioni 20. Imeripotiwa pia kwamba kampuni zenye uhusiano na wakubwa wa Rwanda zimepata kandarasi za ulinzi na ujenzi katika eneo la mradi. Mimi sioni ajabu kwa nchi kutafuta faida katika msafara wake wa kijeshi, kwani nchi isiyotafuta chochote bado haijazaliwa. Kinachonisumbua ni kwamba makubaliano kati ya Maputo na Kigali hayakupelekwa mbele ya wananchi wa Msumbiji wakayajadili, na kwamba raia wa Cabo Delgado hajui jeshi hilo litaondoka kwa masharti gani.

SAMIM ilikuwa na tatizo la kinyume chake. Uhalali wake wa kikanda ulikuwa wazi, fedha zake zilikuwa pungufu, ndege zilikuwa chache, na kila nchi ilikuwa na tafsiri yake ya amri. Ilimaliza muda wake mwezi Julai 2024. Tarehe 10 Mei mwaka huo, wakati ikifungasha, wapiganaji waliingia Macomia na kukaa humo wakipora maghala na magari. Mwaka 2024 na tena mwezi Julai 2025 mashambulio yakafika Chiúre, kusini kabisa mwa mkoa, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbia tena. Hapo ndipo hoja ya wanaosema kwamba majeshi ya kigeni hayatibu chanzo inapopata nguvu, maana wapiganaji waliosukumwa kutoka pwani ya kaskazini walihamia kusini, wakiwa wachache zaidi kuliko mwaka 2020 lakini bado wakipata vijana. Ila naomba baraza lenu lisiruke kutoka hapo hadi kusema kwamba ni bora wasingekuja. Mtu wa Mocímboa aliyerudi kwake mwaka 2022 akakuta paa limechomwa lakini akaweza kulala hatakubaliana nanyi.

Askari wetu wako Nangade, wilaya inayotazamana nanyi moja kwa moja, na baada ya SAMIM kuondoka walibaki kwa makubaliano ya nchi mbili. Hawalindi Afungi, wanalinda mto. Tanzania si mgeni wa vita vya Msumbiji: Nachingwea ilikuwa kambi ya mafunzo ya FRELIMO, askari wetu walipelekwa tena kupigana na RENAMO katika miaka ya 1980, na wengine wao wamelala Naliendele, ambapo mtu anayepita kuelekea Newala anaona uzio wa makaburi yao. Lakini ukarimu wetu una doa. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilisema watu zaidi ya 9,600 waliorudishwa kutoka Tanzania walipitishwa Negomano, kituo cha mpakani, wengi wakiwa wanawake na watoto waliokimbia Palma. Katika historia ya mkoa uliowapokea babu zao mwaka 1964, jambo hilo linahitaji maelezo ambayo hatujayapata.

Unauliza kama vita vitavuka mto askari wakirudi. Vilishavuka. Tarehe 14 Oktoba 2020 wapiganaji waliovuka Ruvuma waliingia Kitaya, kijiji cha Mtwara. Mkuu wa Jeshi la Polisi wakati huo, Simon Sirro, alisema walikuwa wapatao 300. Waliua, wakachoma nyumba, wakaondoka na watu. Wakati huo Mocímboa ilikuwa mikononi mwao, Nangade haikuwa na mlinzi wa kutosha, na upande wetu kijiji kilikuwa kinategemea polisi wachache. Leo mambo hayo matatu yamebadilika, na ndiyo maana Kitaya nyingine haijatokea. Nilipofika pale mwishoni mwa kiangazi, maji yalikuwa yakimfikia mtu mapajani. Kina mama walikuwa wakivuka na ndoo kwenda mashamba ya mpunga ya ng'ambo, na vijana wawili wa mgambo wamekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, wakimwandika kila anayevuka katika daftari la shule: jina, kijiji, saa ya kwenda, saa ya kurudi. Kina mama waliniambia kwamba wakati mwingine kalamu huisha wino, na hapo wao huwasomea vijana majina ya waliochelewa kurudi.